Sasa, Zamani na Wahadhiri wa Kitui

Wasifu wa mhadhiri huwa mfupi. Jina, shahada, chuo alikosomea, kisha mstari mmoja wa mambo anayopenda kuyatafiti: sheria ya katiba, teolojia ya Kiafrika, sosholojia ya vijijini. Ukiusoma haraka utadhani mtu huyo alizaliwa maktabani. Hakuna anayeandika kwamba baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, au kwamba kwao mvua ilikosa misimu miwili mfululizo akiwa bado darasa la tatu. Hayo yanaachwa nje ya lango la chuo, na pale langoni askari hakuulizi unatoka wapi, anataka tu kuona kitambulisho.

Hapa nataka kuanza na kwao.

Kwao ni Kitui. Mimi kwetu ni Kyuso, kaskazini zaidi, ukishapita Mwingi na kushika njia ya Tseikuru, milima ya Mumoni ikikusindikiza kwa mbali. Wahadhiri ninaowaandika wengi wao ni wa upande wa chini, Mulango na Kitui yenyewe, na mmoja ni wa Makueni. Lakini ukiwa Nairobi ukisema umetoka Kitui, nani atakuuliza Kitui ipi? Utaulizwa habari za uchawi. Utaulizwa kama kweli mnakula muthokoi asubuhi na jioni. Halafu mtu atakumbuka picha ya ng'ombe aliyekufa kwa ukame aliyoiona kwenye taarifa ya saa moja, atanyamaza kidogo kwa heshima, na stori itahamia kwingine. Wewe unayesoma hii ndani ya matatu ya Rongai, kama kwenu ni kame, unajua ninachosema.

Watu wa kwanza kuandika habari za Ukambani kwa kalamu ya kisomi walikuwa wageni. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huohuo akauona Mlima Kenya kwa mbali. Wataalamu wa jiografia waliokaa zao London walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji wataalamu. Misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikienda na kurudi pwani kwa miaka. Mwaka 1851 aliuawa njiani, katika safari ya kuelekea mto Tana ambayo Krapf mwenyewe alikuwemo. Baadaye akaja Gerhard Lindblom kutoka Uswidi, akakaa Ukambani, na mwaka 1916 akatetea tasnifu yake ya udaktari huko Uppsala kuhusu Wakamba: ndoa zao, viapo vyao, mifugo yao, hadithi zao. Ni kazi nzuri, sitaki kuidharau. Ila kwa miaka mingi mtu akitaka kujua Mkamba anafikiri nini, alimwuliza Mswidi.

Ndiyo maana kuzaliwa kwa John Samuel Mbiti kuna uzito wake. Alizaliwa Novemba 1931 Mulango, karibu na mji wa Kitui, kwa wazazi wakulima. Mulango ilikuwa kituo cha misheni. Wajerumani wa Leipzig ndio walitangulia, kisha Africa Inland Mission wakashika usukani. Mtoto wa hapo alikua na masikio mawili. Sikio moja lilisikia Biblia na nyimbo za kanisani. La pili lilisikia hadithi za jioni, za fisi na sungura na majitu. Wengi wa rika lake waliambiwa wazibe sikio la pili. Mbiti hakuziba. Alipitia Alliance, akaenda Makerere, akamaliza mwaka 1953, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kidogo cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, yaani Mutunga na hadithi yake. (Mutunga mwingine, ambaye naye ana ngewa yake na tutafika kwake, wakati huo alikuwa mtoto wa miaka saba huko huko Kitui.) Mwaka 1966 Mbiti alitoa mkusanyiko wa hadithi za Wakamba kwa Kiingereza. Yaani kabla dunia haijamjua kama profesa wa dini, alikuwa mtu wa kukusanya ngano za jikoni.

Alisoma Marekani, Rhode Island, kisha Cambridge, na mwaka 1963 akapata udaktari. Mada yake ndiyo ninayoipenda. Aliangalia yale mafundisho ya siku za mwisho yalivyopokelewa Ukambani. Wamishonari walipenda sana kuhubiri kwamba Yesu anarudi. Sawa. Lakini walihubiri kwa Kikamba, na vitenzi vya Kikamba havina mahali pa kuweka tukio la mbali lisilo na tarehe. Mhubiri anasema atakuja, msikilizaji anasikia anakuja hivi karibuni, labda kabla ya mavuno. Asipokuja, nani amedanganya? Mambo ya sarufi yaligeuka kuwa mambo ya imani, na huyu kijana wa Mulango aliliona hilo kwa sababu alikuwa amekaa kwenye viti vya lile kanisa mwenyewe. Kwa maktaba peke yake, sidhani kama angeliona.

Kuanzia 1964 alifundisha Makerere, na kutokana na mihadhara yake pale kikazaliwa African Religions and Philosophy, kilichotoka 1969 na ambacho mpaka leo mwanafunzi wa dini au falsafa akienda chuo chochote Afrika atakutana nacho. Humo ndani kuna sura moja kuhusu wakati ambayo imezua kelele kuliko nyingine zote. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayapa kazi mpya. Sasa, kwake, ni kipindi ambacho mtu anakiishi: yanayotokea, yaliyotokea juzijuzi, na yale yanayokaribia kutokea. Zamani ni bahari isiyo na chini ambamo kila kitu hatimaye huzama. Mtu akifa hatoki kwenye sasa papo hapo. Maadamu yupo mtu hai anayelikumbuka jina lake na sura yake, huyo mfu bado ni hai kwa namna fulani. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo naye anazama zamani.

Na wakati ujao je? Hapo ndipo ugomvi. Mbiti alipanga nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu kwenye jedwali, akasema lugha hizi zinaweza kuzungumza habari za mbele kwa miezi sita hivi, au kwa kuvuta sana, miaka miwili. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Wakati wa Kiafrika, akasema, unarudi nyuma.

Waliomrukia ni wengi. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alisema wasomi wa Kiafrika wa aina ya Mbiti wamewavalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili waheshimiwe na Wazungu. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Waakan wana maneno ya kutosha kabisa ya kuzungumzia mambo ya mbali yajayo. Wengine waliuliza swali rahisi: unachukuaje vitenzi vya Kitui halafu unalivika bara zima?

Swali hilo ni la haki, na kwa maoni yangu Mbiti hakulijibu vizuri. Mwaka 1970 alitoa kitabu kingine kuhusu Mungu kilichokusanya mawazo ya jamii zaidi ya 270, na ukikisoma unahisi kama uko sokoni siku ya mnada, kila jamii inapewa nusu dakika. Lakini hebu tuiache Afrika kidogo turudi Kitui, ambako jedwali lilitoka. Miezi sita. Miaka miwili. Mtu wa Kyuso akisikia hesabu hiyo anacheka, kwa sababu anaijua. Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka: zile za Machi hadi Mei, ambazo hutuhadaa mara kwa mara, na zile za Oktoba hadi Desemba ambazo ndizo tunazozitegemea. Kutoka mvua hadi mvua ni kama miezi sita. Susu wangu hakuwahi kupanda mbegu zake zote kwa mkupuo mmoja. Alibakiza kunde na mtama kwenye kibuyu, maana mvua ya kwanza inaweza kunyesha siku tatu ikaondoka na kukuachia miche inayokauka, na ikirudi lazima uwe na cha kupanda tena. Alikuwa akiweka akiba ya msimu mmoja mbele, ikiwezekana miwili. Kuiwekea hesabu mvua ya mwaka wa tano ungekuwa ni upuuzi.

Kwa hiyo mimi nadhani, na haya ni mawazo yangu, kwamba Mbiti aligundua kitu cha kweli akakipa jina kubwa mno. Hakugundua wakati wa Kiafrika. Aligundua wakati wa nchi kame, kalenda ya watu ambao mbingu haiwapi mkataba wa zaidi ya miezi sita.

Na zamani nayo ni kweli ina kina. Wakamba hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, waliipa majina ya njaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali, iliyokutana na magonjwa na kifo cha mifugo. Mwaka 1961 ilikuwa njaa ya ndeke, ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ya 1984 iliitwa nikw'a ngwete: nakufa na pesa mkononi, kwa sababu mtu aliweza kuwa nazo na bado dukani hakuna cha kununua. Ukimwuliza mzee alizaliwa lini, anakuambia alikuwa anatambaa wakati wa njaa fulani. Huo ndio wasifu wake, na hauna mstari wa shahada.

Mbiti aliondoka Makerere mwaka 1974. Idi Amin alikuwa ameshika nchi tangu 1971, na mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo hicho, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali asionekane tena. Mbiti akaenda Uswisi, akaongoza taasisi ya makanisa huko Bossey, kisha akawa mchungaji wa parokia katika mji wa Burgdorf huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Mkulima wa Uswisi aliyekwenda kubatiza mtoto wake Burgdorf alibatiziwa na mtu wa Mulango. Natamani mtu angetuandikia stori hiyo.

Mwaka huo huo wa 1974 Mutunga yule mwingine alianza kufundisha sheria Nairobi. Willy Mutunga alizaliwa Juni 1947, mtoto wa fundi cherehani wa Kitui. Huenda hujawahi kumfikiria hivyo. Watu wa rika letu wanamkumbuka kama jaji mkuu mwenye kipuli sikioni. Lakini kati ya cherehani na kipuli kuna Dar es Salaam.

Mutunga alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya kwanza na ya uzamili, katika miaka ambayo chuo kile kilikuwa kama jiko lililowashwa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa 1967. Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia pale, na kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kikatoka 1972. Issa Shivji alikuwa kijana wa sheria anayeandika kuhusu matabaka. Mwanafunzi aliyetoka kule alirudi Kenya na lugha nyingine. Wenzake wa Nairobi walifundishwa sheria kama kitu cha kukariri: kifungu, kesi, mtihani. Yeye alikuwa amefundishwa kuuliza sheria hii imetungwa na nani na inamla nani.

Ukisoma mstari wa mambo anayopenda utaona sheria ya katiba. Ndiyo. Ila katiba ya Kenya wakati huo ilikuwa ikibadilishwa kama shati, na kuifundisha darasani kwa moyo wote ilikuwa tayari ni kutafuta shida. Kisha akaongeza shida ya pili: mwaka 1979 akawa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, USU. Chama hicho kilipiga kelele kutaka Ngugi wa Thiong'o arudishiwe kazi yake. Ngugi alikuwa amewekwa kizuizini mwisho wa 1977, akaachiliwa Desemba 1978, na chuo kikakataa kumrudisha. Mwaka 1980 Rais Moi akakipiga chama hicho marufuku.

Halafu Juni 1982. Mwezi huo bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na polisi wakapita wakizoa wahadhiri. Angalia orodha ya waliokamatwa kipindi hicho na mambo waliyoyapenda. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alikuwa akikusanya habari za Mau Mau. Alamin Mazrui, mtu wa isimu kutoka Mombasa, alikuwa ametoka kuandika tamthilia ya Kiswahili, Kilio cha Haki, mwaka mmoja tu kabla. Edward Oyugi alikuwa wa saikolojia, Kamoji Wachira wa jiografia, Mukaru Ng'ang'a wa historia. Mutunga, sheria. Ukizipanga idara zao unapata karibu kitivo kizima kilichohamia gerezani. Mutunga alishtakiwa kwanza kwa kupatikana na karatasi ya uchochezi; kesi ikaachwa, akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa hadi Oktoba 1983. Agosti 1982 kukawa na jaribio la mapinduzi, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Alipotoka hakuwa na kazi ya kurudia darasani.

Jambo ambalo hupotea katika stori za mashujaa ni kwamba kutoka eneo moja hakuwafanyi watu wafikiri sawa. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na Mkamba mwingine Nairobi, Philip Mbithi, mwanasosholojia. Mbithi alitafiti ukame na njaa mashariki mwa Kenya, na jinsi wakulima wa maeneo kame wanavyokubali au kukataa mazao mapya. Mwaka 1977 yeye na Rasmus Rasmusson walitoa kitabu kuhusu harambee, na kilichapishwa na taasisi iliyoko Uppsala, mji ule ule wa Lindblom. Alijua kwa kina kile ambacho kila kijiji cha Ukambani kinakijua kama mwethya: watu kukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kujenga matuta, kuchimba bwawa. Serikali ya Moi ilipenda sana neno harambee. Mbithi akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1991 akawa mkuu wa utumishi wa umma, bega kwa bega na Rais, hadi alipoondolewa 1996. Mutunga alitoka darasani akaenda kizuizini, Mbithi akaenda ikulu. Sisemi hivi kwa kumkejeli Mbithi. Utafiti wake wa njaa ni wa thamani, na mtu wa Kyuso akiusoma atajiona humo. Ninasema tu kwamba ukame huohuo ulitoa majibu mawili, na kizazi changu kikipewa nafasi hiyo sijui wangapi wangechagua la kwanza.

Naye Makau Mutua alizaliwa Kitui 1958, akasoma Kitui School na Alliance, akafika Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1981 akafukuzwa kwa sababu ya siasa za wanafunzi. Alikimbilia wapi? Dar es Salaam, bila shaka. Kutoka pale akaenda Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye, Mutunga, Maina Kiai na wenzao wakaanzisha Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC. Mwaka 2001 Mutua aliandika makala ambayo wanafunzi wa sheria duniani bado wanagombania: alisema lugha ya haki za binadamu imejengwa kama sinema yenye watu watatu, mshenzi, mhanga na mwokozi, na ajabu ni kwamba mshenzi na mhanga huwa weusi na mwokozi huwa mweupe. Wengine waliona anakata tawi alilokalia. Mimi nikiisoma nakumbuka malori ya chakula cha msaada yakiingia Kyuso, na kamera zikishuka kabla ya magunia.

Umeona, wote ni wanaume. Ukiuliza historia ya wahadhiri wa Kenya kwa njia hii unapata wanaume, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa kimepanga hivyo. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa hakiwapi wanawake walioolewa marupurupu ya nyumba kama wanaume, kwa hoja kwamba wana waume. Wangari Maathai wa anatomia ya mifugo na rafiki yake Vertistine Mbaya wa biokemia walipigania jambo hilo, wakataka na chama cha wahadhiri kiwe chama halisi cha wafanyakazi, na hawakupendwa kwa hilo. Maathai alikuwa mtaalamu wa seli, na baadaye dunia ilimjua kwa miti. Micere Githae Mugo, mshairi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo Nairobi. 1982 naye akakimbia nchi. Na hao bado ni wahadhiri. Mpishi wa bwenini, mtu wa maktaba aliyejua kila kitabu kilipo, mlinzi wa lango, hata mstari mmoja hawakuwahi kupewa. USU ilipopigwa marufuku, mapambano ya chama cha wahadhiri yalichukua zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1993 na 1994 wahadhiri waligoma kwa miezi mingi wakitaka UASU isajiliwe, wakafutwa kazi wengine wakafukuzwa kwenye nyumba za chuo. Usajili ulikuja 2003.

Makueni ilimtoa Kivutha Kibwana, aliyezaliwa 1954, mhadhiri na mkuu wa kitivo cha sheria Nairobi, mtunzi wa tamthilia na mashairi kando ya sheria. Alikuwa mstari wa mbele katika madai ya katiba mpya mwishoni mwa miaka ya 1990, akawa mbunge, waziri, na kuanzia 2013 hadi 2022 gavana. Kaunti yake ikaanzisha mpango wa matibabu ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Nimesikia watu wa Kitui wakilinganisha kaunti hizo mbili kwa wivu, na sitaingilia.

Mutunga alimaliza udaktari wake Toronto, Osgoode Hall, akarudi, akaongoza chama cha mawakili, akaongoza KHRC, akaandika gazetini kwa jina la kubuni la Cabral Pinto, na mwaka 2011 chini ya katiba mpya akaitwa kuhojiwa kwa nafasi ya jaji mkuu. Walimwuliza kuhusu kipuli. Alieleza kwamba kinamuunganisha na wahenga wake, na kwamba kama kazi inataka akitoe, basi heri akose kazi. Nchi nzima ilizungumza juu ya sikio lake. Nikisikia kisa hicho namkumbuka Mbiti na wafu wake walio hai: mtu anaingia mahakama ya juu akiwa bado na watu wake wa sasa, hawajazama. Miaka miwili baadaye, Machi 2013, mahakama yake iliidhinisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, na wengi waliokuwa wamempigia makofi wakamgeuka. Alistaafu Juni 2016, mwaka mmoja kabla ya muda wake.

Leo huhitaji kwenda Dar wala Cambridge ndipo uitwe mhadhiri wa Kitui. Kwa Vonza kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichopata hati yake mwaka 2013. Mizizi yake ni chuo cha kilimo cha Ukamba, UKAI, kilichoanzishwa kwa harambee, shilingi za watu ambao wengi wao watoto wao hawakufika chuoni. Kipo Kwa Vonza kwenye vumbi lilelile, kinafundisha kilimo, maji na mazingira, na Mwingi kina kampasi. Mwanafunzi anayetoka Kyuso anaweza kwenda darasani asubuhi na wikendi akarudi nyumbani kupalilia ndengu. Nauli yenyewe si kidogo, lakini inawezekana.

Mbiti alifariki Oktoba 2019 huko Uswisi, akiwa na miaka 87. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametimiza kazi moja aliyoifanya kwa muda mrefu: kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, peke yake. Lilitoka 2014. Agano Jipya linaishia na Ufunuo, kitabu chenye mambo ya mbele tangu mwanzo hadi mwisho: miaka elfu, mbingu mpya, dunia mpya. Na huyu ndiye mtu aliyeuambia ulimwengu kwamba vitenzi vya Kikamba haviendi zaidi ya miaka miwili. Sura hizo alizitafsiri zote.